Fimbo Yenye Kutazama Mukia

Hapana, Bienvenu. Hapo sikubali. Unaandika hapa mu groupe, mbele ya watu wote, eti mutu hawezi kupoteza ng'ombe yenye hajawahi kuwa nayo. Anaweza! Mimi leo nimeweza. Nilipata ng'ombe bugali ikiwa moto, nikaipoteza bugali haijapoa. Uliza mutu yeyote alikuwa kwa paroisse, pale kanisani.

Na sababu ile video tayari inatembea mu mutaa nzima ya Kadutu, afazali musikie kwangu mwenyewe. Leo niko na haya mpaka ndani ya viatu. Mimi Mugisho! Mutu munamujua namna anaongeaka! Leo nilikosa neno mbele ya paroisse nzima, na mikro ilikuwa imewashwa.

Tuanze asubui.

Chumba yangu ya Cimpunda munaijua. Kitanda, meza yangu ya kutengenezea telefone, mbabula ya makala. Na nyuma ya mulango kuko ile chuma ndefu. Bienvenu aliniulizaka siku moja kama ni chuma ya kuchomea brochette za nyama. (Kilichofuata munakijua. Tulifanya kazi meza kwa meza pale soko bila kusemeshana, tukiombana tournevis, ile bisibisi, kwa kidole.)

Ile ni chuma ya alama. Unaiweka mu moto mpaka inakuwa nyekundu, unaibandika kwa paja ya kushoto ya ng'ombe, na kilima nzima inajua ng'ombe ni ya nani. Yetu kichwani iko na umbo ya fimbo ya muchungaji. Mustari moja unasimama, kisha juu umekunjika kama ndoana. Basi. Hakuna herufi, hakuna maua.

Siku tulikimbiaka kilima chetu juu ya vita nilikuwa mudogo. Kila mutu alibeba kitu. Maman alibeba sufuria, papa alibeba godoro, mimi nikapewa chuma. Papa akasema: "Ng'ombe, wale wa vita wanaweza kukamata. Chuma, hapana. Ukiwa na chuma, uko na ng'ombe." Papa hakufika mbali na godoro lake. Maman, vita iliporudi tena, akavuka upande wa Burundi, iko mu kambi ya wakimbizi mpaka leo. Mimi nilibakia hapa na chuma.

Usiku ninafungia nayo mulango. Asubui ninachokonolea nayo makala. Siku zenye hakuna mutu amebisha (na muko wachache wenye kubishaka, tusidanganyane), ninaongea nayo. Hakuna uso mu hii dunia ninaujua kama uso wa ile chuma.

Sasa, wazee wa kilima chetu wenye walikimbilia hapa Bukavu walisema watafanya fête, sherehe ya ng'ombe. Kisha ya misa, mu cour, kile kiwanja ya paroisse, huku Kadutu. Kila famille ije na chuma yake, ipige alama yake kwa shuka nyeupe, itaje ng'ombe zake kwa majina. Ile shuka itawekwa, ili watoto wajue kilima kilikuwa na nani.

Maman alituma vocal, sauti yake kwa telefone, tangu wiki iliyopita. Kule picha haifikaka, réseau inachechemea, vocal tu njo inapita. Akasema: "Mugisho mwanangu, usikose. Yetu isipokuwa pale, watasema tulimalizika."

Tulimalizika! Sisi! Nilikasirika peke yangu mu chumba. Nilipiga meza, telefone ya muteja ikaanguka. (Ilikuwa imeharibika déjà. Endelea kusoma.)

Basi nikafanya vizuri kupita kipimo. Nilienda kwa yule fundi wa kuandika t-shirt nyuma ya soko, nikamupelekea chuma yenyewe, nikamwambia: "Angalia hapa. Uniandikie hii mugongoni, kubwa, nyeusi, namna unaiona." Namna unaiona! Hayo maneno yalitoka mu mudomo yangu mwenyewe, na nikayalipia. Akaichora namna aliiona. T-shirt nyeupe, ile fimbo inaanzia mu shingo inafika mu mukaba. Nikaigeuza mbele ya kioo cha mulangoni kwake, nikajiona mutu.

Leo nikavaa, nikabeba chuma kwa bega, nikapanda.

Pale chini ya kupanda Kadutu, kwa barrière ya kuzuia njia, wale wa bunduki wakanisimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Chuma ya ng'ombe, chef."

"Ng'ombe iko wapi?"

"Haiko."

"Sasa chuma ya nini?"

"Ya ng'ombe, chef."

Akaangalia mwenzake. Mwenzake akanizunguka, akasoma mugongo yangu, akarudi.

"Acha apite. Huyu vita ilimulaka kichwa kitambo."

(Nilikuwa na jibu. Munanijua, nilikuwa na majibu ya kujaza kitunga. Lakini bunduki inafundisha mutu kunyamaza kupita mwalimu yeyote. Mimi sikufundishwaka na mutu, hata telefone nilijifundisha kwa kuharibu za watu. Ila kunyamaza, hiyo nilifundishwa.)

Nikafika. Cour ilikuwa imejaa. Muelewe vizuri: fête ya ng'ombe, na pale ndani hakuna ng'ombe! Watu wamekaa na machuma kati ya magoti, kama wanangoja moto wenye hauji. Wazee wanataja majina ya ng'ombe mumoja mumoja, pole pole, namna padri anatajaka wafu siku ya misa yao. Mwingine akikosa jina, bibi yake anamuongezea kutoka nyuma. Nikasimama pembeni na chuma yangu. Kila benchi ilikuwa na watu wake. Mimi nilikuwa famille ya mutu moja, na famille ya mutu moja haijui ikae wapi.

Papa Cirhuza, prezida wa komite, njo alikuwa na mikro. Ukutani kuko ile shuka. Chini kuko bassine ya rangi nyeusi, makala yenye kusagwa na mafuta. Famille ya kwanza wakapiga: duara. Ya pili: musalaba. Ya tatu: mistari mbili. Vigelegele kila mara. (Duara, musalaba, mistari mbili. Vitu vyenye hata uvigeuze kushoto kulia, vinabakia vilevile. Mungu alikuwa na mupango na mimi leo.)

Mara nasikia nyuma yangu: "Eh! Huyu ni wetu!"

Nageuka. Maman moja muzee, kitambaa ya kijani kichwani, ananishika mukono kama alikuwa amenipoteza sokoni. Simujui. Yeye anashangilia tu mugongo yangu.

"Angalieni t-shirt! Hawa watoto wa sasa, wanasema hawapendi mambo ya kwetu! Kuya hapa, kuya ukae!"

Wanamuitaka Maman Nabintu. Akanivuta mpaka kwa benchi yao. Watu wakasogea, watu sijawahi kuona, wakanipatia nafasi. Mara bugali. Mara sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Mara mashanza, ile maziwa ya kuganda, kwa kikombe ya kutosha watu wawili.

"Mimi ni Mugisho, mutoto ya..."

"Kula kwanza! Ukoo utanitajia kisha. Uko mwembamba sana. Nani anakupikiaka?"

"Mimi mwenyewe, maman."

"Yesu!" Akaniongeza sambaza.

Mungeuliza: Mugisho, hukujiuliza juu ya nini watu hawa wanakupenda hivi? Hapana. Sikujiuliza. Mutu mwenye kukula peke yake kila siku, akipata watu wa kumusukumia sahani, hauliza. Anakula. Nilifikiri tu: aa, kumbe jina la papa lingali na heshima.

Njo wakaleta ng'ombe.

Sikusema hakuna ng'ombe? Kukawa moja. Mukwe wa Maman Nabintu aliipandisha na kamba mpaka mu cour. Ng'ombe nyekundu, imezeeka, pembe moja imekatika ncha. Wananiambia iko ya mwisho ya kilima chetu yenye ingali na pumzi. Watu wote wakasimama. Vigelegele vikaanza, vikakatika katikati, juu waliokuwa wanapiga walikuwa wanalia. Papa Cirhuza alivua kofia. Mbele ya ng'ombe!

Ikapita mbele ya benchi yetu. Ikanipitishia paja ya kushoto hapa, karibu ya pua.

Fimbo.

Mustari unasimama, juu umekunjika, ndoana inatazama upande wa mukia. Nikainua chuma yangu. Nikaangalia chuma. Nikaangalia paja. Chuma. Paja. Vilevile! Kila kona! Ule uso wenye ninaamkaka nao kila asubui, uko unatembea na miguu mine mu Kadutu!

Kijiko kikaanguka.

Zamani tulikuwa na ng'ombe ya kuitwa Sifa. Maman alikuwa anaikamua akiiimbia. Ilikuwa nyekundu, na baka nyeupe kwenye paji ya uso. Hii ya hapa iko nyekundu pia, ila baka iko kwa tumbo. (Nilipata jibu haraka: baka imeshuka. Mutu akizeeka vitu vinashuka. Musicheke, roho ikitaka kitu inakutafutia hata sababu.)

Nikachukua telefone. Sikungoja. Mimi kungoja sijuaka.

"Maman! Ng'ombe yetu iko hai! Sifa iko hai, iko hapa Bukavu! Nimeiona na macho yangu, alama iko pale pale! Maman, hatukumalizika!"

Tuma.

Ikaenda. Kisha tu kutuma njo nikajiuliza: kamba iko mu mukono ya nani?

Ya mukwe wa Maman Nabintu.

Damu ikapanda. Bugali yake ilikuwa ingali mu mudomo yangu, nikaimeza, nikasimama.

"Maman, hii ng'ombe ulipewa na nani?"

Akacheka. Alifikiri ninamuchokoza. "Mama yake njo alinipa. Aliizaa mbele yangu."

"Maman, mi sichezi. Hii ng'ombe ni yetu. Ilikamatwa kilimani siku ya vita. Nyinyi muliipata wapi?"

Benchi nzima ikaacha kutafuna.

"Mutoto," mukwe akasema, "kaa chini. Jua imekupiga."

"Usiniite mutoto! Kwanza wewe achia kamba!"

Papa Cirhuza akasikia kelele, akakuya na mikro yake yenye kulia piiii. "Kijana, kuko shida gani hapa?" Na kwa heshima tu, namna wanafanyaka, akaninyooshea mikro.

"KUKO MWIZI!"

Ndugu zangu. Ile paroisse iko na haut-parleur mbili, spika kubwa zenye kutazama soko. MWIZI yangu ilishuka mpaka kwa wauza ndizi. Watu wakatoka huko wakikimbia, wamoja na mawe mukononi déjà, juu soko ya Kadutu mukiijua, mwizi hangojewi. Ikalazimika wawarudishe: hapana, hapana, ni habari ya ng'ombe. Wakabakia kuangalia. Telefone zikapanda hewani. Njo pale video inaanzia.

Nami nikapata nguvu! Watu wote wananitazama! Nikageuka, nikawaonyesha mugongo. "Munaona? Hii ni alama yetu!" Nikainua chuma. "Munaona? Hii njo chuma! Nalala nayo! Nilibeba hii chuma nikiwa mudogo kupita yenyewe! Papa yangu alikufa juu ya njia, hii chuma haikuanguka! Sasa angalieni lile paja! Mutu anaweza kusema bongo, anaweza kudanganya. Alama haisemaki bongo!"

Wengine wakapiga makofi. Kweli, wakapiga! (Kwa video inasikika. Iangalieni mpaka hapo, kisha mufunge.)

Maman Nabintu yeye hakupiga kelele. Alikuwa ananiangalia tu.

"Uko mutoto wa nani?"

"Wa Zihindula!"

Akaweka mukono kwa mudomo. "Zihindula wa juu ya kijito?"

"Yeye mwenyewe! Kumbe munamujua! Mulimuibia mukimujua!"

"Mwanangu," akasema, pole pole kabisa, "piga chuma yako kwanza. Kisha utanitukana."

"Njo vizuri," Papa Cirhuza akasema. "Apige kwa shuka, watu waone."

Nikacheka! Nilicheka na sauti! Wananipa ushahidi mukononi! Nikakunja mikono ya t-shirt yenye haina mikono mirefu. Nikatembea kwa ile shuka pole pole, ili wenye kufilimu wanipate vizuri. Nikaloweka chuma mu rangi. Nikapiga, na uzito yangu yote, nikasukuma na tumbo. Nikatoa. Na mbele hata ya kuangalia, nikageukia watu, mikono juu, namna mutu amefunga goli.

Kimya.

Nikangoja makofi. Kisha kicheko moja, kidogo, huko nyuma, yenye mutu anajaribu kumeza. Kisha ingine. Kisha cour nzima ikapasuka.

Nikageuka.

Ndoana ilikuwa inatazama upande mwingine.

Angalieni paja: ndoana inatazama mukia. Angalieni shuka: ndoana inatazama kule kichwa ya ng'ombe ingekuwa. Nikapangusa macho. Ikabakia inatazama kule.

"Shuka imetundikwa vibaya!" nikasema. (Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mikro.)

"Tugeuze?" Papa Cirhuza akauliza.

"Mugeuze!"

Wakageuza juu chini. Sasa fimbo imesimama na kichwa, kama mulevi mu mutaro. Duara iko duara. Musalaba, bon, musalaba ikakuwa na shida yake. Mabibi wawili wakakaa chini kabisa, miguu iliwashinda kwa kucheka.

Wakairudisha. Nikapiga mara ya pili, labda chuma iliteleza. Ikatazama kulekule. Nikajipiga mwenyewe kwa mukono, hapa, ya kushoto. Kulekule! Ng'ombe ikaacha kutafuna ikanitazama, namna mutu wa ofisi anatazamaka mutu bila karatasi.

Papa Cirhuza akanishika bega. Alitaka kunisemesha kwa siri, muzee wa watu. Ila mikro alikuwa nayo kwa kifua.

"KIJANA, HUJAWAHI KUONA MUHURI YA OFISI? CHUMA IKO KINYUME. IKIPIGA NJO INAKUWA SAWA."

Mutu wa kutengeneza telefone! Mwenye kusoma vitu vidogo kupita kipande ya mchele! Kila siku, miaka yote, ninatazama chuma usoni, na mara moja tu sijawahi kuipiga kwa kitu. Ningeipiga kwa nini? Sina ng'ombe. Na zamani, mudogo vile, nani anaangaliaka paja ya ng'ombe? Unaangalia pembe, ili ujue wakati ya kukimbia.

"Basi hii yenye iko kwa ng'ombe ni alama ya nani?" nikauliza.

"Ni yetu," Maman Nabintu akasema. "Babu yako na babu ya bwana yangu walikuwa ndugu, tumbo moja. Waligawana ng'ombe, wakagawana na fimbo. Yenu inatazama kichwa. Yetu inatazama mukia. Muhunzi alikuwa yuleyule, alikuwa anatengeneza zote mbili akicheka, akisema hawa siku moja watapigana."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Na zetu?" nikasema. "Ng'ombe zetu?"

"Zenu zilienda zote, mwanangu. Siku ileile. Mi nilikuwa nimejificha mu migomba na hii ikiwa ndama, nimeifunga mudomo na kitenge. Nikaziona zikipita. Niliona fimbo zikitazama mbele, zote."

"Sifa pia?"

"Sifa njo alikuwa wa kwanza. Alikuwa anajua njia."

Munaona, Bienvenu? Kuko siku nakosa kujibu.

Kisha, kwa hasira, juu nilikuwa lazima nifanye kitu, nikavua ile t-shirt. Nikaigeuza ndani kuwa nje, nikavaa hivyo, niende zangu. Kumbe rangi ya yule fundi ilikuwa imepenya kitambaa mpaka ndani. Sasa mugongoni fimbo ikatokea tena, ya kufifia, na ndoana inatazama kule inapaswa. Watu wakaiona kabla yangu mimi. Mutu moja akapiga kelele: "Sasa njo uko Zihindula!" Wakacheka upya kabisa, mpaka padri akatokea mu dirisha.

Maman Nabintu akanikamata mukono. "Rudi ukae. Sahani yako iko pale. Shati lilishasema uko wetu, na hata bila shati uko wetu."

Ningerudi. Njaa ilikuwa ingaliko, na ile benchi ilikuwa ingali wazi pale nilikuwa nimekaa, hakuna mutu aliyesogea kuijaza. Lakini utamuita mutu mwizi na haut-parleur mbili, kisha umukulie sambaza? Mi siko mutu wa hivyo. Nikamwambia: "Maman, unisamehe." Nikabeba chuma. Nikashuka. Nimejuta kuanzia kwa mulango ya paroisse mpaka sasa, juu nilikuwa ninaweza kukula huku niko na haya. Ningejaribu.

(Ila mufahamu jambo moja: kwa ile shuka, kila famille iko mara moja. Famille ya Zihindula iko mara mbili. Wakisema tulimalizika, wapeleke macho pale.)

Kwa barrière, walewale.

"Eh, mutu wa chuma! Ulipata ng'ombe?"

"Nilipata, chef."

"Iko wapi?"

Nikapita. Hata hawakunizuia. Nilisikia tu yule wa pili anasema: "Nilikuambia."

Sasa niko mu chumba. Mulango nimefunga na chuma. Mbabula imezimika, sijawasha. Watoto wa jirani wanapita mbele ya dirisha wakipiga kelele "mwiziii," na mama yao anawanyamazisha huku naye anacheka.

Na telefone iko na vocal tatu za maman.

Ya kwanza haina maneno. Ni vigelegele tu, si vyake peke yake, ni mabibi wa kambi, wengi, mutu anapiga bassine na kijiko. Watu wasiojua hata kilima chetu kiko upande gani, wanafurahia ng'ombe yetu.

Ya pili maman anaimba. Ule wimbo wa kukamulia Sifa. Sijausikia tangu kilimani, nilifikiri aliuacha huko pamoja na ndoo. Anakosea mahali, anacheka, anarudia.

Ya tatu iko fupi. Vigelegele vimenyamaza, inaonekana alijitenga kidogo. Anasema: "Mugisho. Niambie jambo moja tu. Ile fimbo inatazama wapi? Kichwa ao mukia?"

Nimeisikiliza, na anaona nimeisikiliza. Iko en ligne, telefone mukononi, anangoja. Naandika, nafuta. Anaona hata vile naandika.

Munacheka, cheka tu, Bienvenu wewe cheka wa kwanza. Lakini mbele ya kufunga telefone yako: nimujibu inatazama wapi?